Perike yangu ilibaki Idjwi, sasa imerudi ndani ya kikapu

Shangazi, jambo sana.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Najua watu wa Bukavu wamebeba mizigo mizito kuliko wangu. Wengine wamezika, wengine hawajui mshahara utatoka lini. Lakini usiku silali, na sina wa kumwambia, kwa sababu wale ambao ningewaambia ndio walioniona.

Nina miaka 31, nafundisha shule ya msingi, naishi Bagira na mama na wadogo zangu. Tuko marafiki wanne tuliosoma pamoja sekondari. Kila likizo kubwa tunasema tutasafiri, mwisho wake tunabaki kutembeleana. Mwezi wa nane tukaamua kweli: Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu, siku nne, kwa mjomba wa mmoja wetu, upande wa kusini. Kila mmoja alete unga wake na pesa ya boti.

Kabla sijaendelea, lazima nikuambie habari ya kichwa changu. Tangu nikiwa na miaka 14 nasuka meshi, nywele bandia za kusukia, zile za kukazwa mpaka macho yanavutwa na usiku unalala kifudifudi kwa maumivu. Miaka minne sasa panja zangu zimekwisha. Mbele, kuanzia sikio hadi sikio, ni ngozi tupu inayong'aa. Katikati nimebaki na nywele fupi. Kwa hiyo navaa perike, au wigi kama wengine wanavyosema, naibandika kwa gundi. Mama anajua, na fundi wangu wa saluni. Marafiki zangu walijua navaa perike, maana siku hizi nani havai, ila kilicho chini yake hawakukijua. Nikiwa ugenini nalala nayo.

Tuliposhuka kwenye boti kijana mmoja akatupokea mizigo. Ni jirani wa mjomba, ana miaka 34, kazi yake ni kupima kahawa ya wakulima kwenye kituo cha kuoshea kahawa. Msimu ulikuwa umekwisha, alikuwa na nafasi, akawa mwenyeji wetu. Siku ya kwanza alitumenyea mananasi akaniuliza darasa langu lina watoto wangapi. Nikamwambia 58, nikamtajia watatu wanaonisumbua. Kesho yake asubuhi akaniuliza habari za wale watatu, kwa majina. Hakuna mwanaume aliyewahi kukumbuka majina ya wanafunzi wangu.

Jioni tulikaa juu ya mawe, sisi wawili, marafiki wakiwa nyuma kidogo wanachoma mahindi. Mwezi ulikuwa bado mchanga, na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwa majini na taa zao, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti, wanaimba. Kihavu na Mashi ni ndugu, nusu nilielewa, nusu alinifasiria. Alinishika mkono. Hakukuwa na jambo zaidi ya hilo, Shangazi, lakini nilirudi kulala natetemeka kama msichana wa miaka 17. Usiku wa pili ndipo tulipobusiana. Aliniambia nina nywele nzuri, akauliza kama ni zangu. Nikasema ni zangu. Tukaendelea kuzungumza.

Siku ya tatu alitupeleka kwa mtumbwi kwenye kisiwa kidogo jirani. Kurudi, upepo ukaamka, mawimbi yakatupiga, tulicheka mpaka tukachoka. Karibu na ufuko yeye akashuka kwanza, akanyoosha mkono anipokee. Nikakanyaga ukingo wa mtumbwi badala ya katikati. Ukainama, nikaanguka majini kichwa kikitangulia. Maji yalinifikia kifuani tu. Nikasimama nikiwa bado nacheka, kisha nikaona sura zao.

Gundi ilikuwa imeshalegea kwa siku tatu za jasho. Perike ilikuwa inaelea, inakwenda zake. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa karibu aliinua kwa kasia, akidhani ni mnyama, kisha akapiga kelele. Watoto waliokuwa wanaoga wakaanza kushangilia. Rafiki yangu mmoja alikuwa anapiga video tangu tulipokuwa kwenye mtumbwi, na hakuacha. Namsikia mpaka leo akicheka ndani ya video ile.

Yule kijana akavua shati lake akanifunika kichwa. Hakusema kitu. Mimi niliona ni huruma, na huruma yake iliniuma kuliko vicheko vya wengine. Nikamsukuma nikakimbia. Usiku ule sikutoka chumbani. Saa kumi alfajiri, marafiki wakiwa bado wamelala, nikachukua begi langu nikashuka ufukoni, nikapanda boti ya kwanza iliyokuwa inapeleka mananasi Bukavu. Walipiga simu mara nyingi, sikushika. Namba yake nikaizuia.

Jioni yake video ikawa kwenye kundi letu la WhatsApp la waliosoma pamoja, watu 43. Aliyeituma anasema alikuwa anacheka tu, kwamba nina hasira za bure. Tangu hapo sijazungumza na yeyote kati ya wale watatu.

Sasa sikiliza, Shangazi. Wiki mbili baadaye, kijana wa boti alifika kwetu akitokea Muhanzi, bandari ya boti hapa Bukavu, na kikapu chenye jina langu. Juu kulikuwa na mananasi sita. Chini, ndani ya jani la mgomba, ilikuwa perike yangu. Imefuliwa, imekaushwa, imechanwa vizuri kuliko ninavyoichana mimi. Na karatasi ndogo: "Hii ni yako. Nilifurahi kukufahamu. Ukinijibu nitafurahi, usiponijibu nitaelewa."

Mama amecheka, anasema huyo ni mkwe. Mimi sijui. Ananidhihaki? Ananihurumia? Mwanaume gani anafua perike ya mwanamke? Mapenzi ya siku tatu ni mapenzi? Na hata kama ananitaka, nitamtazamaje usoni mtu aliyeniona vile? Nisaidie.

Mimi, wa Bagira

*

Binti yangu wa Bagira,

Kwanza usiombe radhi kwa kuandika. Kila wiki napokea barua zinazoanza kama yako, za watu wanaodhani mwaka wa msiba hauruhusu mtu kuumia kwa jambo lake mwenyewe. Moyo haukungoja mji utulie ndipo upende, na aibu nayo haikungoja. Nimeisoma barua yako hadi mwisho, kisha nikaisoma tena.

Nianze na kikapu, kwa kuwa ndicho kinachokunyima usingizi. Mtu anayetaka kukudhihaki angeipiga picha perike ile akaisambaza, au angeitundika mlangoni watoto waione. Huyu aliitafuta kwa yule mzee, akaifua, akaianika mahali kwenye nyumba ambamo bila shaka ndugu zake walipita wakamuuliza hiki ni nini. Akachukua kitana. Halafu akaiweka chini ya mananasi, ndani ya jani, ili kijana wa boti asijue anabeba nini. Mtu huyo aliwaza utajisikiaje kikapu kikifunguliwa mbele ya watu. Mimi sioni dhihaka hapo, wala huruma ile unayoiogopa. Naona mtu anayerudisha kitu cha mwenzake kikiwa safi. Na shati pia, ukiniuliza mimi, lilikuwa jambo hilo hilo: watu walikuwa wanakutazama, yeye akazuia macho yao.

Sikuambii kwamba ni mume wako. Simjui, na wewe pia, kwa siku tatu, humjui sana. Hilo nitalirudia.

Lakini kuna sentensi moja katika barua yako uliyoipita mbio, na nadhani mwiba uko pale. Alikuuliza kama nywele ni zako, ukasema ni zangu, "tukaendelea kuzungumza". Ulieleza mitumbwi, ukaeleza nyimbo, ukaeleza mawe mliyokalia, ila pale uliweka maneno machache ukakimbia. Binti yangu, nani kati yetu hajawahi kusema uongo mdogo usiku, mbele ya mtu aliyempendeza? Sikuhukumu. Lakini nafikiri ulipoinuka majini hukuona haya ya upara peke yake. Uliona haya kwa sababu usiku uliopita ulimwambia kitu, na sasa ziwa limekitoa nje mbele yake. Upara hukuuchagua. Neno lile ulilichagua, na hilo ndilo unaloweza kulirekebisha, tena kwa maneno machache.

Umwandikie. Usiandike barua ndefu ya kueleza historia ya kichwa chako, hajaiomba. Mwambie kwa maneno yako kitu kama hiki: "Kikapu kimefika, asante. Nilikuambia nywele ni zangu na hazikuwa zangu. Niliona haya, nikaondoka bila kukuaga, na hilo nalisikitikia. Ningependa tuzungumze." Basi. Ifungue namba uliyoizuia kabla hujatuma, maana barua ya kuomba mazungumzo kutoka kwa namba iliyofungwa itamchanganya.

Sasa marafiki zako, na hapa hatutakubaliana mara moja.

Yule aliyepiga video alikosea, na alikosea zaidi alipoituma. Usikubali akuambie ni hasira za bure. Kucheka mtu anapoanguka majini, sawa, hata mwenyewe ulikuwa unacheka ulipoinuka. Kuendelea kupiga picha baada ya kuona sura ya mwenzako imebadilika, kisha jioni ukakaa ukachagua watu 43 wa kuwaonyesha, hicho si kicheko tena. Hata Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi. Sikwambii umpeleke kwa hakimu. Nataka tu ujue kwamba unachodai si kitu cha mtoto mwenye kununa. Mwendee nyumbani kwake, usimwandikie kwenye kundi. Mwambie aifute kwenye simu yake ukiwa umekaa pale, aiondoe kwenye kundi, na kama haiondoki tena, aandike pale pale kwamba amekosa, na awaombe walioihifadhi waifute. Akikataa utakuwa umejua una rafiki wa namna gani, na hutakuwa na haja ya kuniuliza mimi.

Wengine wawili, hata hivyo, hukuniambia walifanya kosa gani. Na wewe uliwafanyia jambo ambalo nadhani hujaliona bado.

Fikiria ile alfajiri upande wao. Wanaamka, kitanda chako kitupu, begi halipo au labda hawajaliangalia. Jana yake ulitoka majini ukikimbia, ukajifungia chumbani. Simu inaita, hupokei. Nyumba iko karibu na ziwa, na Kivu ni ziwa lenye kina cha karibu mita 480. Wewe na mimi tunajua watu wa huku wanawaza nini mtu akipotea ufukoni. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa imeshafika karibu na bandari ya Kituku, Goma, wenyeji wao wamesimama pale wanaona. Tangu hapo nani kati yetu anasikia simu isiyopokelewa upande wa ziwa bila moyo kushtuka? Mjomba wa watu, aliyewapokea wageni wanne, alikuwa anatafuta nini kando ya maji asubuhi ile? Na wewe peke yako gizani, juu ya magunia ya mananasi. Sidhani mwenye boti alikupa jaketi la kuokolea, na sidhani uliliulizia.

Hukutaka kuwatisha, najua. Ulitaka kuondoka tu. Lakini kabla hujadai radhi yako kwa mmoja, peleka radhi yako kwa wawili, na mpigie simu mjomba yule. Yeye mpigie leo.

Tuje kwenye kichwa chako, kwa kuwa miaka minne umekificha na hakuna popote ulipoandika kwamba umekionyesha kwa daktari. Wazee walisema mficha uchi hazai. Unachonieleza, kuanzia panja, sikio hadi sikio, baada ya miaka ya kusukwa kwa kukazwa, kinafanana na upotevu wa nywele unaotokana na kuvutwa. Unaanzia hapo hapo, kwenye mstari wa mbele, kwa sababu nywele za pale ni laini na ndizo zinazokazwa zaidi. Uzito wa meshi ndefu unaongeza. Dawa ya kulainisha nywele ikipakwa kisha zikasukwa, inaongeza zaidi. Na gundi ya perike, kila unapoibandua, inaondoka na zile chache zilizokuwa zinajaribu kurudi.

Mvuto ukiachwa mapema, nywele hurudi, polepole, karibu sentimita moja kwa mwezi. Ukiendelea kwa miaka, vishina vya nywele hufa na kuacha kovu, na hapo hazirudi. Ngozi inayong'aa inanipa wasiwasi, nisikufiche, kwa sababu mara nyingi ndiyo dalili ya kovu. Lakini mimi sijaiona, na tatizo linaweza kuwa mchanganyiko: upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi la shingo, fangasi, vyote huangusha nywele na vyote vina matibabu yake. Nenda umwone daktari wa ngozi, na kama ni mbali na uwezo wako, anza na daktari wa kawaida akupime damu. Usinunue krimu zinazouzwa kwenye meza za Kadutu zikiahidi nywele ndani ya wiki mbili. Na kuanzia leo acha gundi. Perike unaweza kuvaa, ni nguo kama nguo nyingine, ila ivae juu ya kofia laini ya pamba, iwe nyepesi, na ivue usiku. Usiku kichwa kipate hewa, hata ugenini. Kitambaa kizuri cha kitenge kilichofungwa vyema kimewapendezesha mama zetu miaka yote.

Na wadogo zako ulionitajia, kama kuna wasichana kati yao, wakague panja zao Jumapili hii. Msichana akilia kwenye kiti cha saluni, fundi asiambiwe aendelee. Vipele vidogo kwenye mstari wa nywele na maumivu ya usiku si bei ya uzuri, ni kichwa kinachoomba kuachiwa. Wewe ulikuwa na miaka 14 na hakuna aliyekuambia.

Sasa yeye. Umeuliza kama mapenzi ya siku tatu ni mapenzi. Kilichotokea juu ya yale mawe kilitokea, usikifute. Ila mlikutana wakati wote wawili mko likizo: yeye msimu wa kahawa umekwisha, wewe shule imefungwa. Hujamwona akiwa na foleni ya wakulima wanaolalamikia mizani. Hajakuona jioni ukiwa na madaftari 58 ya kusahihisha na umeme umekatika. Kwa hiyo baada ya kumjibu, usirudi Idjwi haraka. Yeye ndiye apande boti. Mkutane Bukavu mchana, mahali penye watu, siku ya kawaida, ule naye bugali na sombe kama unavyokula siku zote.

Na umuulize yale ambayo watu walioko matembezini hawaulizani. Ana mke? Amewahi kuwa na mke? Ana watoto, na wanaishi na nani? Mwanaume wa miaka 34 kisiwani, asiye na historia yoyote, ni nadra, na historia si kosa, lakini uisikie kutoka kwake na si kwa mjomba. Muulize kwa upole ule ule aliokuuliza nao habari za wanafunzi wako, kisha usikilize. Akijibu kwa utulivu, endelea kuuliza. Akikwepa, pia umepata jibu. Na yeye akikuuliza kitu siku hiyo, mwambie kilivyo.

Utamtazamaje usoni? Kwa dakika za kwanza utatazama meza. Yeye ameshakuona, binti yangu, na baada ya kukuona ndipo alipotuma kikapu. Hofu ya kwamba siku moja ataona, ile iliyokufanya ulale na gundi kichwani ugenini, imekwisha pale ufukoni.

Kuhusu mama yako kusema ni mkwe, mwache afurahi, ila mwombe asiwatangazie majirani kwa sasa.

Na kikapu chenyewe usikae nacho. Kwa namna ulivyokieleza, kina jina lako juu yake, lakini nyumba kilikotoka kuna mama anayekihitaji sokoni, na kwetu kikapu hakirudi kitupu. Tia sabuni mbili na kilo ya sukari, tia na lile shati kama bado unalo, limefuliwa na kupigwa pasi, ulikunje chini kabisa. Boti za Idjwi hupakia pale Muhanzi. Kijana aliyekuletea atakumbuka nyumba.